Maji ya Kutuliza Vumbi

Mzaha wa gari la zimamoto kufika kwenye moto bila maji kila mtu anaujua. Husimuliwa kwa kinyozi, husimuliwa harusini, na hata msimulizi asiye na kipaji huchekesha watu akiusimulia. Ila hakuna anayeuliza hayo maji yalikwenda wapi. Watu hudhani wazimamoto walikuwa wamelewa, au wamelala, au wameyauza. Dereva ambaye mji mzima ulimcheka hakuwa mlevi wala mvivu. Yalikokwenda maji yake alikujua vizuri, kwa sababu aliyamwaga kwa mkono wake mwenyewe, kwa amri, mchana kweupe.

Wenzake walimwita Sawamkuu. Miaka kumi na tisa kazini, hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno jingine mbele ya mkubwa. Likizo yako imesogezwa: sawa mkuu. Viatu vipya havijafika mwaka huu: sawa mkuu. Mkewe alipenda kumtania kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama anamkubali binti huyu, alijibu hivyo hivyo. Wala hakuwa mwoga wa kila kitu. Aliwahi kuingia kwenye ghala la mafuta linalowaka akatoka na mlinzi wa ghala begani. Moto haukumtisha. Waliomtisha ni watu wenye vyeo, na kwa hilo hatuna haki ya kumcheka, maana wengi wetu tuko hivyo.

Kazi alifundishwa na Mzee Ngazi, mkuu wa kituo wa zamani, ambaye baada ya kumfundisha kazi akampa na mke: binti yake wa pekee. Mzee alistaafu, na kabla hajaizoea pensheni akapigwa na kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa. Alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana za maseremala, chumba chenye dirisha dogo la nondo na mlango unaotokea kwenye maranda na makopo ya vanishi. Sawamkuu alimsihi ahamie kwake.

"Nije kwako, nioshwe nikiwa kwa mkwe?" mzee alisema. "Bado sijafika huko, mwanangu. Niache hapa na watu wangu."

Basi binti yake akawa anakwenda asubuhi na jioni kumwosha na kumlisha, na maseremala wakawa wanamchungulia mchana. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hawakuishi vibaya, mpaka Mheshimiwa alipoamua kujenga.

Mheshimiwa alikuwa waziri, mzaliwa wa pale. Mwanzoni helikopta ya serikali ilimleta kwa mambo ya serikali, na watoto wa shule walipangwa mistari kumwimbia. Baadaye ilimleta kuangalia msingi wa nyumba yake mlimani, kisha kuta, kisha paa. Barabara kutoka mji mkuu ni mwendo wa saa nne. Helikopta hutumia dakika arobaini, na mafuta yake hulipiwa na mimi na wewe na yule mama anayeuza nyanya, ambaye hajawahi kupanda hata lifti. Walinzi walikuja naye, wengine wakatangulia kwa magari siku moja kabla, wakalala hotelini kwa fedha hizo hizo.

Sasa kuna sheria: chombo kama kile kikitua na mkubwa, gari la zimamoto lazima liwepo, na lisiondoke mpaka kiruke. Sheria nzuri, hakuna anayeipinga. Lakini mji ule ulikuwa na gari moja tu. Kila Jumamosi ambayo Mheshimiwa alikuja kuangalia nyumba yake, mji mzima ulibaki uchi. Likaja na jambo la vumbi. Kiwanja cha shule kule mlimani, helikopta ilikotua, kilikuwa cha udongo, na mapanga ya helikopta yalilitimua vumbi likamwingia Mheshimiwa kwenye suti. Ikatoka amri kiwanja kimwagiwe maji kabla ya kutua. Maji ya nani? Ya zimamoto, yamo tu kwenye tangi, hayana kazi.

Sawa mkuu.

Jumamosi hiyo tunayoisema, waziri alikuja na mkewe, fundi wa mapazia na mabunda saba ya mapazia. Walinzi walioapa kumkinga kwa damu yao waliteremka na bunduki mgongoni na vyuma vya pazia mikononi, wawili huku na wawili kule, wakipigana navyo kila wanapogeuka. Ukiwa na moyo wa kucheka, cheka. Safari iliyopita vumbi lilikuwa limemkohoza mke huyo wa Mheshimiwa, kwa hiyo mkuu wa walinzi alikuwa ameagiza kiwanja kiloweshwe chote, si katikati tu. Lita elfu tano zilimwagwa ardhini mpaka udongo ukang'aa. Sawamkuu aliomba arudi kituoni akajaze, kazi ya dakika arobaini kwa bomba lile bovu.

"Helikopta iko chini," mkuu wa walinzi alisema. "Gari haliondoki."

"Lakini halina maji, mkuu. Likitokea la kutokea, nitalizimia nini?"

"Fomu inauliza kama gari lipo. Lipo?"

"Lipo, mkuu."

"Basi."

Saa sita na nusu simu ililia. Alikuwa mkewe, anahema. Alikuwa hospitali, kwenye foleni ya dawa za baba yake, na habari ilikuwa imemfikia hapo.

"Baba watoto, karakana zinaungua. Baba yuko ndani. Mko wapi nyinyi?"

Kutoka kwenye kiwanja kile cha juu mji wote unaonekana, na moshi alikuwa ameshauona, mweusi, mzito, wa vanishi. Alimkimbilia mkuu wa walinzi.

"Mkuu, kuna moto mjini. Naomba ruhusa."

"Mji una watu wake. Wewe leo ni wa helikopta."

"Mji hauna mtu mwingine, mkuu. Gari ni hili hili moja. Na mle ndani yumo baba mkwe wangu, hawezi kutembea. Nakuomba, kamwulize Mheshimiwa mwenyewe."

Mkuu wa walinzi alitazama nyumba mlimani. Huenda hata yeye moyo ulimgonga, tusimnyime hilo. "Nikamwambie nini?" alisema polepole. "Aache mapazia? Wewe unataka nifukuzwe kazi?"

Mtu aliyemwogopa Mheshimiwa akamzuia mtu aliyemwogopa yeye, na Mheshimiwa mwenyewe wala hakujua kuna kinachoendelea. Alikuwa akichagua kati ya rangi ya maziwa na rangi ya dhahabu. Dakika kumi na tano zilikwenda hivyo. Sawamkuu alizunguka gari lake, akashika mlango, akauachia, akashika tena. Simu ililia mara tatu. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alipanda bila kuambiwa. Mwenzake wa kushika mpira wa maji alirukia upande wa pili.

"Ukitoka hapa, sare hiyo utaivua leo!" mkuu wa walinzi alipiga kelele.

Alitoka. Akafungulia king'ora mpaka mwisho, akateremka mlima kama mtu aliyefunguliwa minyororo, na hatutamnyima: kwa muda wa kilomita moja alijisikia mwanamume. Ilikuwa kwenye kona ya pili ndipo mikono yake ilipomkumbusha alichokisahau kwa haraka: tangi tupu. Gari lililojaa maji huvuta upande wa kona, huugulia kwenye breki. Hili liliruka kwenye matuta, jepesi. Alimtazama mwenzake. Mwenzake alikuwa ameshajua.

"Turudi kituoni tukajaze?"

"Dakika arobaini," Sawamkuu alisema. "Tuna mashoka. Tuna mikono. Twende."

King'ora hakukizima. Barabara ilikuwa imejaa watu, na nani azime king'ora akienda kwenye moto?

Walipofika umati ulishangilia. Wakaunganisha mpira, wakafungua, ukatoa pumzi na matone machache ya kutu, na shangwe zikageuka mawe. Jiwe la kwanza lilivunja kioo. La pili lilimpata Sawamkuu juu ya jicho alipokuwa akikimbilia uchochoro wa nyuma na shoka. Hakufika. Paa la karakana lilianguka mbele yake, na lilipoanguka, chumba cha nyuma kikaenda nalo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yakikauka taratibu juu ya mlima, chini ya helikopta, ili viatu vya watu fulani visichafuke.

Barua ilikuja siku ya pili ya msiba. Alisimamishwa kazi kwa kuacha chombo cha serikali bila ulinzi. Juu ya mzee haikusema neno. Mheshimiwa alituma salamu za pole na magunia ya mchele, nayo yaliletwa na walinzi wawili kwa gari la serikali.

Siku ya tatu alikuja jirani wa karakana, fundi wa kuchomelea vyuma, vidole vyote vimefungwa bandeji. Alikaa kwenye mkeka karibu na Sawamkuu, akasema kwa sauti ya chini.

"Kaka, hili nisipokwambia litaniua. Tulikuwa dirishani kwa mzee. Nilikuwa na mashine yangu ya kukata. Nondo zilikuwa tano, tatu nimeshazitoa. Zimebaki mbili. Dakika mbili, tatu hivi, naye ametunyooshea ule mkono mzima. Ndipo tukasikia king'ora."

Sawamkuu aliinamisha uso.

"Mzee alikijua. Alicheka, wallahi alicheka. Akasema, 'Huyo mkwe wangu. Ondokeni hapo msije mkaungua bure, wapisheni wenye kazi.' Tukabisha. Akatufokea, unamjua alivyokuwa. Nikazima mashine. Tukatoka uchochoroni tukasimama pembeni ili mpite."

Sawamkuu aliinua uso. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe mikononi, na alikuwa amesikia yote.