Gari Tupu Halisemi Ukweli

Naikumbuka siku ile kwa harufu yake, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine chochote. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, ndani ya gari langu mwenyewe, na baba yangu ameketi ubavuni mwangu katika suti yake ya pekee. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona nyuma ya nyumba, umepiga magoti, msumeno mkononi, springi za gari lako umezilaza kwenye nyasi. Usinune. Kaa hapo unisikilize. Mimi pia niliwahi kuwa kijana, tena mwenye kichwa kigumu kuliko chako.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na gari dogo jekundu, nikalikata springi likakaa chini, nikalivika rimu pana zilizong'aa hata mtu angejitazama humo akanyoa ndevu. Likipita soko la Ntimaru, watu waliacha kupima mahindi wakageuka kutazama. Vyote ving'aavyo si dhahabu, lakini ungeanzia wapi kuniambia? Taabu yake ilikuwa moja. Likiingia shimoni, bodi ilishuka na tairi za nyuma zikasugua ukingo wa madigadi, ule mdomo wa bati uliokunjwa kwa ndani. Ukingo ule ni mkali, na mpira haushindani na bati.

Wazee wangu walikuwa wanajiandaa kwenda Homa Bay kumposa Akinyi. Ndiyo, mama yako. Niliapa kwamba watakwenda kwa gari langu, si la kukodi. Siku moja kabla ya safari nikalipeleka Migori kwa Fundi Owuor, Mjaluo mmoja aliyependa kazi kuliko maneno. Akaupasha moto ule ukingo, akaulaza polepole kwa nyundo, kisha akazipaka tairi chaki, ambayo ingefutika bati likizigusa, na kulizungusha gari uani. Tukainama kutazama. Chaki ilikuwa nzima. Nikampiga bega nikamwambia amemaliza.

"Bado," akasema. "Hiyo ni gari tupu. Gari tupu haiwezi kukuambia ukweli. Tuweke gunia nne kwa kiti ya nyuma, tupandishe gurudumu kwa ile jiwe, halafu tusome chaki tena."

Magunia yalikuwepo, kinu cha kusaga kilikuwa ukuta kwa ukuta na karakana yake. Lakini mama yako alikuwa amefuma vitambaa vyeupe vya viti, kazi ya miezi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimevitandika. Unajua vitambaa vyetu. Mgeni akivikuta vichafu, amekwisha kukuhukumu kabla hujamkaribisha. Nikamwambia siwezi kulaza magunia yenye vumbi mahali watakapoketi wazee wangu kesho.

Owuor akafuta mikono yake kwa kitambara. "Sasa unataka kupima na wazee wako?"

Nilicheka, mwanangu. Nikawasha gari nikaondoka. Kiburi si maungwana, na mimi siku ile sikuwa muungwana hata kidogo.

Kesho yake nikapakia. Baba mbele, nyuma shangazi Robi, ambaye peke yake alikuwa magunia mawili, pamoja na baba mdogo na mshenga, kwenye buti blanketi, sukari na kreti za soda. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Nililiona. Nikafunga mlango.

Tulipovuka Migori nikasikia mkwaruzo wa kwanza, mfupi, nyuma upande wa kushoto. Nikapandisha sauti ya redio. Baada ya Rongo, tulipoingia barabara ya Homa Bay, kila shimo lilikuwa na sauti yake, na ile harufu ikaanza kuingia.

"Ni nini hiyo inanuka?" shangazi akauliza.

"Watu wanachoma takataka, shangazi."

Tukapita shamba la miwa, tukapita shule, tukapita watoto na mbuzi wao, na takataka zikaendelea kuchomwa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikawa nayumba barabarani kuyakwepa mashimo, nikilikwepa moja naangukia jingine, na kila tairi ilipokwaruza nilihisi kana kwamba ni mimi ninayechunwa. Nilijihesabia vilima vilivyobaki. Nilimwomba Mungu anifikishe tu, nitatengeneza nikirudi. Mficha uchi hazai, lakini mimi niliendelea kuficha kwa kilomita nyingine nyingi, huku roho nne zikiwa mikononi mwangu.

Kwenye kilele cha mlima wa mwisho, ambapo barabara inateremka moja kwa moja hadi kwenye daraja jembamba, baba akazima redio.

"Simamisha."

"Tata, tutachelewa. Wakwe wanangoja."

"Nimesema simamisha."

Akashuka. Akapiga magoti kwenye changarawe na suti yake, akaingiza mkono juu ya tairi. Kisha akarudi, akavuta kitambaa kimoja cheupe kwenye kiti chake, akakipitisha kwenye tairi ile na kunionyesha. Kilikuwa cheusi. Nikainama kutazama. Mpira ulikuwa umechanwa mfereji mzima kuzunguka bega la tairi, na nyuzi za ndani zilikuwa nje. Ya upande wa pili ilikuwa karibu kufikia hapo, na mimi nilikuwa na tairi moja tu ya akiba.

Chini yetu daraja lilikuwa linang'aa kwa jua. Shangazi alishika kifua.

"Ulijua?" baba akauliza.

Ningeweza kudanganya mara ya mwisho. "Nilijua, Tata. Fundi aliniambia."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. "Umetukalisha juu ya kifo," akasema, "halafu ukatutandikia vitambaa vyeupe."

Tuliliacha gari pale kileleni, tukateremka mlima ule kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma na kreti ya soda kichwani. Tulifika kwa wakwe miguu ikiwa myekundu kwa vumbi. Baba mkwe akauliza gari liko wapi, nami nikatamani ardhi inimeze. Baba akajibu kwa utulivu: "Tuliona vizuri tutembee, tuijue njia ya binti yetu." Aliifunika aibu yangu mbele ya watu wale, mimi niliyekuwa nimeweka roho yake rehani kwa ajili ya rimu. Nililia usiku ule, na sioni haya kukwambia.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Owuor na springi ndefu na tairi nyembamba. Alipaka chaki. Nikaenda kuita vijana wa kinu walete magunia, na nilipogeuka nikamkuta baba, ambaye sikumwalika, ameketi kiti cha nyuma, fimbo magotini.

"Mimi ndiye mzigo," akasema. "Pima."

Tulipanda jiwe mara tatu. Mara zote tatu chaki ikabaki. Ndipo baba alipokubali tena kupanda gari langu.

Basi, mwanangu, sikukatazi gari zuri. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mimi nimewahi kuupenda mng'aro. Ila usipime kitu kikiwa tupu ukawaambia watu kiko tayari, liwe gari, liwe nyumba, iwe ahadi uliyompa mtu. Kipakie kwanza, ukipandishe juu ya jiwe, uisome chaki. Fundi akikwambia bado, ni bado. Na ukikosea ukasikia harufu, usimwambie mtu kwamba ni takataka. Simama palepale, ushuke, useme.

Nenda sasa. Mungu akupe macho ya kuona ufa na kinywa cha kuusema, na kila anayeketi nyuma yako ashuke mwenyewe kwa miguu yake mlangoni kwake. Mama yako amekiweka kile kitambaa miaka yote hii, na doa lake jeusi halijatoka. Leo asubuhi amekitandika kwenye kiti cha nyuma cha gari lako. Usikiondoe.