Mpangaji Anayesomea Vyungu

Mpangaji wetu hapa Segese anasomea vyungu. Anatafuta shahada ya uzamivu ya sanaa, na chuo kimemruhusu kuitafuta kwa mikono: afinyange kwanza, kisha aandike alichojifunza. Kila asubuhi humsalimu mama yangu, mfinyanzi, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," huku akikunja mikono ya gauni, halafu huketi kando yake kuponda vigae na kuvichanganya na udongo. Kucha amezikata hadi nyamani. Daftari lake lina alama za vidole kila ukurasa. Chungu kikipasuka motoni hakitupi, hukiandika namba na kukipanga kando ya ukuta, na mama humcheka, "Mwanangu, utatujazia nyumba vigae."

Juzi msimamizi wake alikuja kutoka chuoni. Alisoma sura ya tatu ya tasnifu yake, akavua miwani. "Unaandika kwamba udongo ukiwa tayari, mkono unajua. Unajuaje? Bila jibu, sura hii haipiti." Mpangaji wetu akaliweka daftari chini, akakata matonge mawili ya udongo, moja halijakandwa vizuri, jingine limekandwa likatosha, akamwekea msimamizi viganjani. "Finya, Profesa. Usiseme kitu kwanza."

Profesa akafinya. Akafinya tena, macho ameyafumba. "Hili la kulia," alisema polepole, "linakisukuma kidole."

"Ndivyo mayu anavyosema udongo ukiwa tayari!" Mpangaji wetu alipiga makofi, udongo ukaruka. Profesa alikuwa anavua saa, na mama alishamsogezea kigoda kando ya udongo.