Madigadi ya Kushoto

Katika miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, kijiji chetu cha upande wa Zagayu kilikuwa na gari, na mimi nilikuwa na mume aliyekuwa dereva wa gari hilo. Wanawake wenzangu walinionea wivu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na Landrova inalala mbele ya mlango wangu. Mtu angetaka nini zaidi? Angetaka, kwa mfano, gari lenye tairi.

Tulilirithi kwa chama cha ushirika kilipovunjwa, na tairi zake zilikuwa zimelika mpaka nyuzi zinachungulia. Kijiji kikaomba nyingine wilayani. Ombi likatembea maofisini muda wa mtu kubeba mimba, kuzaa na kunyonyesha, halafu tairi zikaja, mpya kabisa, zinanukia. Zilikuwa za trela la trekta. Rimu zilikubali, bodi ikakataa. Tairi zilikuwa nene na ndefu kupita kiasi, na madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu kwa juu, hayakuacha nafasi hata ya kupitisha kidole.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kufuatilia ufundi huu. Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, hospitalini Bariadi, na daktari alinionya kwamba wa pili nisithubutu kumzalia kijijini, maana mshono wa ndani unaweza kuachia. Tumbo langu lilitarajiwa kufika mwisho pamoja na mvua za kwanza. Kwa hiyo wengine walipoziona zile tairi kama maendeleo, mimi niliziona kama njia ya kwenda hospitali, imeegeshwa juu ya matofali.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Alikuwa na kipaji cha kugeuza jambo lolote kuwa ajenda, na kwenye mabati alijikuta nyumbani. Baada ya hotuba za kutosha ikaamuliwa madigadi yakatwe. Fundi aliyetufulia majembe akaja na tindo na nyundo, akakata ya nyuma yote mawili, akakata ya mbele kulia. Kingo zilibaki kama zimetafunwa na mbuzi, lakini tairi lilizunguka vizuri. Alipofikia ya mbele kushoto, mwenyekiti akamshika mkono.

Juu ya madigadi yale palikuwa na kibomba kifupi cha kusimamishia bendera. Kilibaki tangu enzi za wakubwa wa ushirika, waliokuwa wakisafiri kama watemi.

"Ndugu," mwenyekiti akasema, "hapa pana bendera ya taifa. Hatuwezi kupapiga tindo bila kibali cha wilayani."

Nikauliza kama kuna mtu amewahi kuiona hiyo bendera kwenye gari letu.

"Haijawekwa, mwalimu. Lakini inaweza kuwekwa."

Nikashauri kibomba kifunguliwe, kuna skrubu mbili tu, kihamishiwe upande wa kulia. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekosa hesabu ya kujumlisha. Akaniambia upande wa bendera haupangwi na kijiji. Mume wangu alikuwa ananitikisia kichwa ninyamaze. Alikuwa mtu mwema sana mume wangu, mpole, hanywi, hapigi, na angeweza kuomba ruhusa hata ya kupiga chafya.

Basi tairi zikafungwa hivyo hivyo, na kijiji kikapata gari la pekee. Likienda mbele, safi. Likikata kulia, safi. Likikata kushoto, tairi linang'ata bati, gari linapiga ukelele na kusimama. Mume wangu hakuona tatizo. Akitaka kwenda kushoto alizunguka kulia, duara zima, kupitia mashamba ya watu, mpaka pua ya gari ielekee anakotaka. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa na miti yake imeng'olewa na kuchomwa, ardhi ngumu. Alizunguka na kupiga honi, na wakulima wakaacha kazi kumtazama.

"Mwadila, baba!" mzee mmoja alimsalimia kwa Kisukuma, kwa kelele. "Mbona unalima na shamba hujapewa?"

Kila wiki nilimuuliza mume wangu kuhusu kibali cha wilayani, na kila wiki kilikuwa njiani. Mama mkwe wangu, ambaye hakusoma na hakuona ubaya wowote katika hilo, alinishauri nisisubiri. Nipande mkokoteni taratibu wakati njia bado kavu, nikangojee siku zangu Bariadi.

"Mayu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe hawana madigadi."

Mume wangu aliumia aliposikia. Mke wa dereva apande mkokoteni na gari liko mlangoni? Watu wangemwonaje? Aliniahidi kwamba siku ikifika atanipeleka mwenyewe, kwenye kiti cha mbele, na nikaona machoni kwamba anamaanisha. Nikakaa.

Mvua na uchungu viliwahi, vikaja siku moja, asubuhi, nikiwa nimesimama ubaoni. Nilikuwa na wiki kadhaa mkononi, kwa hesabu za hospitali, ila tumbo halikuwa limehudhuria mkutano wowote. Mume wangu akaleta gari mpaka mlango wa darasa. Kiti cha mbele, kama alivyoahidi, tena ametandika khanga.

Kabla ya kushika barabara ya Bariadi ilitubidi kukata kona moja ya kushoto. Moja tu. Mume wangu akafanya alichozoea, akaingia shambani kulia ili azunguke. Lakini shamba la kiangazi si shamba la mvua. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa hunata kama ugali uliokosewa, na hauachii. Magurudumu matatu yaliutupa nje, kwa sababu juu yake palikuwa wazi. La mbele kushoto lilikuwa na bati lake la heshima, udongo ukajaa kati ya tairi na bati, ukashindiliwa, gurudumu likakataa kuzunguka. Akashuka, akachokonoa kwa mti na kwa vidole. Tukasogea kidogo, likajaa tena. Akashuka tena.

"Kata," nikamwambia.

"Kibali hakijafika, mama."

"Kata hilo bati."

"Nikisimamishwa kazi mtakula nini?"

Swali lilikuwa zuri, nalo lingefaa siku nyingine. Nikashuka huku nimeshikilia mlango, nikavuta tindo na nyundo za gari chini ya kiti, nikapiga. Nilipiga mara moja tu. Kitu ndani yangu kiliachia, chini ya kovu, maumivu ambayo hayakufanana na uchungu wa kuzaa, na nikajua ni nini. Mume wangu alikuja mbio katika matope.

"Acha, utalipinda!" akasema, akaninyang'anya nyundo.

Hapo ndipo alipokata. Kwanza alichora mstari kwa ncha ya tindo ili bati lisiende upande. Akakata polepole, akakikwepa kile kibomba cha bendera, akakiachia ulimi wake wa bati kiendelee kusimama. Kisha akatoa tupa mfukoni akaanza kulainisha kingo. Mimi nimening'inia mlangoni, mvua inaninyeshea, damu inanitiririka miguuni, namtazama mtu anapiga tupa. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilipopata pumzi ya kupiga kelele ndipo alipogeuka akaiona ile damu, akatupa vifaa vyote shambani, akanibeba kunirudisha kwenye kiti. Alijaribu kufunga mlango mara tatu ndipo ukashika.

Gari likakata kushoto bila shida yoyote.

Hospitalini walinipokea kwa kukimbia. Nakumbuka taa, nakumbuka sauti ya mwanamke ikiuliza mume yuko wapi, na mtu akijibu kwamba amekwenda wilayani. Alikuwa amekwenda kweli. Aliniacha mikononi mwa wauguzi, akaliendesha gari moja kwa moja hadi ofisini kujishtaki kwamba amekata madigadi bila kibali, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

Alikuja kuniona kesho yake, saa za kuona wagonjwa, uso unang'aa kuliko nilivyouona kwa miezi. Hawakumsimamisha kazi. Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. Alimwambia kwamba gari la kijiji halijawahi kuruhusiwa kupeperusha bendera, hilo ni la wakubwa tu, na kile kibomba kilipaswa kung'olewa siku ileile gari lilipofika kijijini.

"Kumbe tungekata tu tangu mwanzo!" akasema.

"Kumbe," nikasema.

Akainama kumtazama mtoto. Alikuwa msichana, mzima, amelala ubavuni pangu na ngumi mdomoni. Mume wangu alimgusa shavu kwa kidole chenye weusi wa grisi, akafurahi kama mtoto mwenyewe, akasema huyu amefanana na mama yake na anayefuata atakuwa wa kiume.

Nikamwambia hakuna anayefuata. Nikamwambia mshono ulikuwa umepasuka, damu haikuzuilika, na kizazi kimetolewa.

Akaondoa kidole shavuni mwa mtoto.

"Nani aliwapa ruhusa?" akauliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Daktari aliangalia, akakata. Angekusubiri wewe utoke ofisini, ungetukuta tumekufa sote wawili."