Sauti ya Siagi

Juma lililopita, nyumbani kwa binti yangu huku mjini Himbi, tuliletewa maziwa ya kijijini Kibumba ndani ya bidon, dumu la plastiki. Yakaganda, binti akataka kuyamwaga. Nikasema, leta hapa. Nikailaza bidon mapajani, nikaanza kuitikisa taratibu. Wajukuu wakacheka.

«Koko, huyo mutoto wako atalala saa ngapi?»

Kweli, hivyo ndivyo nyanya yangu alivyotikisa kibuyu chake kule Kibumba, kama anayembembeleza mtoto, miguu ameinyoosha mkekani, ukungu mlangoni, nguo zetu zikinuka moshi wa kuni. Mimi alinipa kibuyu kidogo. Nilitamani kile kikubwa cha Pasaka, ambacho siagi yake ilipakwa kwenye viazi vya wageni wote.

Shida yangu ilikuwa kuimba. Nilikuwa wa kwaya ya watoto, na mkono ulifuata wimbo: Aleluya ikipanda, kibuyu nacho kinaruka. Nikifungua, ni povu tu.

«Siagi haiimbi kwaya, mutoto,» nyanya alisema. «Nyamaza uisikie.»

Kwaresima ikafika. Kanisani Aleluya ikawekwa akiba, isiimbwe hadi Pasaka, nami nikaiweka yangu. Asubuhi baada ya asubuhi nilitikisa kimya. Mwanzoni nilisikia maji tu. Baadaye nikasikia maziwa yakiwa mazito, kama mtu anayetembea kwenye tope. Mara nilifungua mapema, mara nikachelewa na siagi ikalainika ovyo. Nyanya hakunigombeza, alinirudishia kibuyu kesho yake.

Siku moja kitu kama donge kiligonga ndani, polepole sana, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Nyanya, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua kichwa wakati uleule. Akarudia viazi vyake. Lakini mkesha wa Pasaka aliniwekea kibuyu kikubwa mapajani.

Kesho yake viazi viling'aa. Jirani akalamba vidole: «Mama, mwaka huu umetikisa vizuri!»

«Muulize ule pale,» nyanya akajibu, «mabega bado yanamuuma.»

Ng'ombe wetu wa Kibumba hawapo tena, kibuyu kilishapasuka, na nyanya anapumzika kwa Bwana. Lakini siku ile ya bidon, televisheni ikipiga kelele, mkono wangu ulisimama. Tukafungua: siagi, ya njano, imeshikamana. Namshukuru Mungu kwa Kwaresima ile.

«Koko, umejuaje?» mjukuu mdogo akauliza.

Nikamwekea bidon mapajani, nikazima televisheni.