Ripoti ya Macho katika Atelier ya Shaba

Siku yangu ya kwanza katika atelier, yaani karakana, ya shaba, hapa Lubumbashi, walinipa nyundo na kunikataza kuitumia. Ninyi vijana mnaona kazi zangu kwenye kuta za wakubwa, mnadhani nilizaliwa na nyundo mkononi. Kidogo ni kweli. Lakini hata mimi, niliyeacha shule kabla shule haijanizoea, nilianza kwa kukaa na kutazama.

Atelier yetu ilikuwa ndogo, nyuma ya ofisi za migodi. Tulipiga mabamba ya shaba mpaka yatoe picha za kutundika. Contremaître, yaani msimamizi wetu, alikuwa Papa Amisi, Mwislamu wa watu wa Maniema, kofia yake safi kila siku, chai yake ya tangawizi haikatiki. Asubuhi, tukishamaliza kukiimbia na kukichezea ngoma Chama cha Rais uwanjani kama wafanyakazi wote wa Zaire ya wakati ule, alitupanga mbele ya ndoo. Kila mtu alinawa kwa sabuni, maana jasho la vidole huacha alama kwenye shaba. Kisha tulichukua vipande vya bamba vilivyotupwa, tukavipiga bila kutengeneza chochote, mpaka bega lipate moto. Hiyo tuliita kuamsha mkono.

Halafu ikaja ripoti ya macho. Kila mtu alitaja kitu kimoja alichokiona njiani. Si habari, si maneno ya watu: kitu. Asiyekuwa nacho alirudishwa nje ya lango akatafute.

"Weye mupya," Papa Amisi aliniambia siku ile, "umeona nini?"

"Nimeona bantu, Papa," nikajibu, yaani watu.

"Bantu! Bantu beko hata hapa. Umeona nini?"

Mwape, fundi wa meza ya jirani, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ile macho ameazima, Papa! Mwenyewe atakuya kuichukua."

Nikaenda langoni. Nilirudi na mbwa aliyelala huku sikio lake moja limesimama. Papa Amisi akasema, "Bon. Kaa."

Nilipanda cheo haraka, sitaficha. Nyundo ilinikubali kuliko wote. Walinipeleka Sakania, kule mpakani, kupiga mabamba ya majina kwa ajili ya reli. Nilikuwa peke yangu, basi ripoti nilimtolea Chef de gare, mkubwa wa stesheni. Mwanzoni alidhani ninampeleleza. Mwishowe akawa ananingoja na ya kwake.

Niliporudi walinifanya chef d'équipe, mkubwa wa kikundi. Hapo ndipo swala waliponimaliza. Wageni wote walionunua mabamba yetu walitaka picha za swala: swala anakunywa, swala anakimbia, swala ameinua kichwa. Nikawa naweza kuwapiga nikiwa usingizini, na wao wakaanza kuonekana hivyo hivyo, wamelala.

Ndipo akaja Directeur mpya, mkurugenzi wetu, kijana mwembamba, abacost yake, lile koti letu lisilo na tai, imenyooshwa kama ubao.

"Citoyen," akaniambia, yaani raia, kama sote tulivyoitwa enzi zile, "ukuta ya salle ya wageni inangoja. Ukiniletea swala tena, nafunga hii atelier. Mutaenda bote fonderie."

Fonderie ni kule shaba inakoyeyushwa, moto na moshi kutwa. Mimi ningevumilia. Papa Amisi, na kifua chake dhaifu cha kukohoa, asingemaliza mwaka.

Nikakaa mbele ya bamba safi, kubwa kama mlango. Mkono umeamka, kichwa hapana. Asubuhi moja zamu yangu ya ripoti ikafika.

"Sina kitu, Papa."

"Toka."

"Papa, mi niko chef!"

"Toka, Chef. Na usirudi bule."

Mwape akanifungulia mlango, akainama kama mbele ya waziri.

Nje ya lango alikaa mama muuza bitumbula, maandazi yetu ya mviringo. Makala yake yalikuwa yameloa mvua. Aliinamia mbabula, lile jiko la bati, akapuliza. Mama huyu nilikuwa nikimpita kila siku. Shavu lake likajaa, likawa duara kabisa, na mwanga wa moto ukalipanda polepole.

"We papa, unaniangaria nini? Nunua ao pita!"

"Mama, puliza tena."

"Nipulize tena? Mi niko tarumbeta yako?"

Nilinunua bitumbula vyote ndipo akakubali. Akapuliza, akinitukana kila alipovuta pumzi.

Nikarudi ndani. "Nimeona upepo ndani ya shavu," nikasema. Hakuna aliyecheka. Papa Amisi akaweka kikombe chini. "Kamata nyundo."

Shaba hupigwa kwa nyuma ili picha itoke mbele, juu ya kitanda cha lami kinachoishika bila kuibana. Ikipigwa sana hukakamaa. Unaichoma mpaka iwe nyekundu, unaizamisha majini, inalainika tena. Shavu lile nililichoma mara nyingi. Kila mara lilizidi kuwa jembamba, na shaba nyembamba hupasuka bila kuaga. Mafundi wengine wangeridhika na nusu shavu. Mimi sikuridhika.

Bamba lilipokwisha, Directeur alifika asubuhi kuliona, akanikuta ninagonga kipande kisicho na kazi.

"Citoyen, unacheza?"

"Hapana, Citoyen Directeur. Mukono ingali inalala. Ngoja kidogo."

Akangoja. Directeur mzima aliningoja mimi! Kisha nikaondoa turubai juu ya bamba.

Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Mwape alibana pumzi. Ndipo nikaona mashavu ya Directeur mwenyewe yanajaa taratibu, midomo imechongoka, kama mtoto anayesaidia kupuliza. Nikajua hatuendi fonderie.

"Huyu mama," alisema alipoutoa ule upepo, "moto yake itawaka?"

"Itawaka, Citoyen Directeur."

"Basi muitundike."

Papa Amisi aliacha kazi kwa wakati wake, kifua chake hakijaonja moshi wa fonderie, nami nikachukua kiti chake. Sasa nami nimepata pensheni, ingawa mvi ndiyo kwanza zinaingia. Vijana wananifuata hapa mtaani kwangu Ruashi wakidhani nina dawa niliyoifukia kizingitini. Ninawaonyesha ndoo na sabuni. Wengi hawarudi. Wanaorudi nawaambia: hamu ya kazi mimi sikuingoja hata siku moja; ilinikuta kila mara nimeshanawa.

Nendeni mkalione bamba lile kwenye salle ya wageni. Shaba ikikaa hufifia, huwa kahawia, na lote limekuwa hivyo: kitambaa cha mama, mikono, hata moto. Shavu peke yake linang'aa kama nililimaliza jana, kwa sababu hakuna anayepita bila kuligusa. Zamani mlinzi aliwakataza. Sasa amechoka, naye analigusa.