Matonya na Jua la Mchana

Mtu akimwita Matonya mvivu mbele ya mama yake, alikuwa amejitafutia balaa. Ruthu, mjane wa karibu na kijiji cha Mvumi, alikuwa na ulimi wa kumvua mtu nguo hadharani. Ukweli ni kwamba kijana huyo alianza kulima giza halijatoka, akaacha jua lilipoanza kuuma. Ukurutu ulikuwa naye tangu anabebwa mgongoni. Jasho likimtiririka lilimchoma viwikoni na nyuma ya magoti mpaka ngozi ikapasuka. Basi alirudi ndani ya nyumba yao ya tembe, kwenye ubaridi, mama akammwagia maji ya kibuyu na kumpaka mafuta ya nyonyo, akalala. Jua likipoa, alishika tena jembe. Mtama wake haukupungukiwa na kitu. Lakini nani ana habari ya alfajiri? Watu walimwona amelala mchana, wakatosheka.

Hayo Ruthu angeyavumilia. Kilichomkosesha raha ni posa. Matonya alikuwa amemchumbia Loisi, binti wa Mzee Chilongani, na siku ya mzee kuja kumtazama mkwewe ilipofika, madoa yalikuwa yamemjaa shingoni na kifuani. Ruthu aliwajua watu: doa lolote kwao ni ukoma, na mwenye ukoma hapewi mke.

Akafanya jambo ambalo mwalimu wa misheni alilikemea kila Jumapili. Alisaga udongo mwekundu, akauchanganya na samli, akampaka mwanawe toka utosini hadi nyayoni, kama vijana wa Kigogo wanavyojipaka waendapo ngomani.

"Mama, inaniwasha."

"Vumilia, baba. Mzee akiondoka nitakuosha."

Matonya akatoka uani aking'aa, hana doa hata moja. Mzee Chilongani akamtazama, akatabasamu. Ruthu akaona dunia imemnyookea.

Hawajamaliza pombe, akaingia jumbe na askari wa Mdachi. Reli ilikuwa inakuja Dodoma na tuta la kuilaza lilitaka watu. Askari hakuhangaika. Aliwapita vijana wembamba wa jirani, akamgusa Matonya kifua kwa kiboko.

"Huyu. Huyu ndiye mtu!"

Matonya akamgeukia mama yake. Neno moja tu lilitakiwa: mgonjwa. Kibuyu kimoja cha maji, na madoa yangejisemea yenyewe. Lakini Mzee Chilongani alikuwa amekaa palepale, kata ya pombe mkononi. Ruthu akawaza kwamba kazi ya tuta ina mwisho, posa ikivunjika haina dawa. Akanyamaza. Maskini Ruthu! Ulimi uliowachana majirani kwa mambo ya kipuuzi ulilala siku ulipotakiwa kuamka.

Mvua za kwanza zilipoanza, wenzake walimrudisha juu ya machela ya miti. Bartolomayo, aliyekuwa naye kwenye tuta, alisimulia huku anatazama chini. Kule mchana hakuna kupumzika. Matonya aliomba kukaa kivulini kidogo tu, akapigwa. Ngozi ilipoanza kuvuja, nyapara alimkataza kunywa maji ya wenzake, lakini kubeba udongo hakumkataza. Vidonda vikaoza, homa ikamshika.

Ruthu akamlaza mahali pake ndani ya tembe, akammwagia maji, akatafuta pa kupaka mafuta asipaone.

"Pumzika, baba. Hakuna atakayekuamsha."

Matonya alijaribu kucheka. Akafa kesho yake. Ruthu alilia mpaka sauti ikakauka, na hata ilipokauka aliendelea kulia.

Baada ya maziko Mzee Chilongani alikuja kuhani. Ruthu hakungoja hata salamu ziishe.

"Mzee, nilikuficha. Mwanangu alikuwa na ngozi mbaya tangu utotoni. Siku ile nilimpaka udongo ili usimkatae."

Mzee akamketisha kwanza.

"Mama Matonya, Loisi alituambia zamani habari ya ngozi yake. Alisema, mume wangu halimi jua kali, nami nitaamka naye alfajiri. Tulikubali. Siku ile nilikuja kukwambia hivyo."

"Sasa mbona hukumwambia askari?"

"Nilimwona anang'aa," mzee akasema. "Nawe mama yake ukanyamaza. Nikadhani amepona."