Siku Costancia Alipokalia Kiti cha Meneja

Mume wangu Beda alikata mkonge Rudewa enzi za Mwingereza, na mikono yake ilichomwa na miiba kama ya wenzake wote. Tofauti yake ilikuwa mdomo. Vituko vilikuwa havimwishi. Jumapili moja mchana akawakusanya watu kwenye uwanja wa kuanikia mkonge, akawaonyesha mchezo aliotunga mwenyewe: Mzungu, yaani Beda mwenyewe, amekaa kitini, Waafrika wawili wanamshikia mwavuli, wa tatu anampepea, naye analalamika kwamba amechoka.

Mimi nilikuwa nimemkataza. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba. Akifukuzwa kazi tutakwenda wapi? Akanijibu, "Mke wangu, Mzungu wanamwona kila siku, lakini hawajamtazama." Mkaidi kweli, na nilimpenda hivyo hivyo.

Kiti kilikuwa cha meneja hasa. Mwenyewe alikuwa amekwenda klabu ya Wazungu Kilosa mjini, ndipo Marko, mpishi wake, akakitoa barazani.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Beda akainuka, akavua kofia ya Uzungu wake, akauliza, "Haya, sasa nani anakaa?"

Kicheko kikakatika. Wanaume wazima wakatazama miguu yao. Kiti kitupu, wakakiogopa! Nikamwona Beda anavyonyong'onyea, nikamwonea huruma, maana mchezo wote aliutunga kwa ajili ya swali hilo.

"Mtani wangu Costancia!" akaita. Costancia, mpalilia mkonge, alikuwa Mnyamwezi na sisi Wasagara, na utani wetu ni wa tangu mababu. "Au nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo tu, kukaa hamjui?"

Neno la mtani halikasirikiwi, lakini haliachwi lipite. Costancia akaja, akaketi, akanyoosha miguu. "Msagara mvivu we, nipepee!" Beda akampepea, na watu wakalipuka.

Mara gari la meneja likaingia. Akashuka uso umemwiva, akaamuru apewe kiti chake. Walioketi nyuma wakadhani naye ni mchezaji, wakampigia makofi. Costancia hakusogea.

"Mtani hainuliwi bure, Bwana," akamwambia. "Toa kitu."

Meneja akatazama huku na huku, asione wa kumtetea. Akatoa pakiti ya sigara, akamtupia mapajani. Costancia akashukuru, akainuka polepole. Meneja akangoja mtu ambebee kiti. Hakutokea. Akakibeba mwenyewe, akakisukumiza garini.

Jumatatu Beda na Marko wakafukuzwa. Tukajitwisha vyungu na mikeka, tukaenda kwa kaka yangu, kijiji kiitwacho Ulaya, huku huku wilayani Kilosa. Njia nzima nilimnunia.

"Nyumba hatuna, Beda," nikamwambia hatimaye. "Umefurahi?"

"Lakini alikaa, Hildegarda."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Maana siku ile, pale uwanjani, moyo ulinidunda nikitamani aniite mimi.